Kengele ya Chumba cha Maji

Fundi Maji alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo isipokuwa maji. Chakula alikila kikiwa bado kinatoa mvuke, halafu akalalamika kwamba kimemuunguza ulimi. Mkewe akichelewa dakika tano kutoka sokoni, yeye alishasimama mlangoni, mikono kiunoni. Lakini asubuhi, ndani ya kile chumba chake nyuma ya wodi ya kusafisha damu, aliweza kukaa dakika kumi na tano nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiangalia bomba, asiguse kitu.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, bila dirisha ila kidirisha kidogo cha ubao ukutani, cha kupitishia daftari wodini. Mabomba ya bluu yalitambaa ukutani, pampu mbili zilinguruma sakafuni, na mwishoni palisimama matangi mawili marefu yaliyojaa makaa. Mezani kulikuwa na daftari, kopo la vidonge, vikombe viwili vya kioo, na saa ya jikoni yenye umbo la yai, nyekundu, ile ya kuzungushwa ambayo muda ukitimia inalia kengele. Saa hiyo alipewa na mkewe miaka mingi kabla, alipounguza sufuria tatu ndani ya mwezi mmoja. Jikoni haikumsaidia kitu. Aliihamishia kazini, na huko ikawa mkubwa wake.

Ukimpa nafasi, Fundi alikuhubiria. Maji, alikuwa akisema, hayajui kumkataa mtu. Kila chembe ya maji ni oksijeni moja na hidrojeni mbili, na hiyo oksijeni ni mroho, inavutia umeme upande wake, hidrojeni zinabaki zimepungukiwa. Basi chembe nzima ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, ndiyo maana chembe za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na zinashikana na karibu kila kitu zinachokutana nacho: chumvi, sukari, chokaa, taka za mwili. Damu kwa sehemu kubwa ni maji, na kwa sababu maji hayachagui, damu inaweza kupeleka sukari hadi kwenye kidole gumba cha mguu na kurudi na taka hadi kwenye figo. Hapo sote tunasema asante. Ila ubaya wake ni huo huo, kwamba kilicho chema kinabebwa na kilicho kibaya kinabebwa vilevile.

Maji ya mjini yalikuja na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Mtu akiyanywa hadhuriki, tumbo linaimaliza dawa yenyewe. Lakini mgonjwa aliyeunganishwa na mashine hayanywi. Damu yake inapita upande mmoja wa utando mwembamba na maji upande wa pili, lita mia moja na ishirini kwa saa nne, na kitu kikiwamo kwenye maji kinapenya kwenye damu bila hodi. Klorini ikipenya inazipasua chembe nyekundu za damu. Kazi ya makaa ni kuinyonya kabla haijafika. Makaa nayo huchoka, na yakichoka hayasemi.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego ambao Fundi aliwaonya wote waliowahi kumshikia zamu. Maji yaliyolala tangini usiku kucha yamekaa na makaa saa nyingi mno, hata makaa yaliyochoka yatakuwa yameyasafisha. Ukiwasha pampu ukachota papo hapo, utapima maji yaliyolala, utayaona safi, na utakuwa umejidanganya mwenyewe. Sharti pampu izunguke dakika kumi na tano, maji ya usiku yaishe, yaje yanayotoka barabarani. Ndipo uchote, utie kidonge, ungoje dakika mbili. Maji yakibaki kama yalivyo, saini daftari. Yakigeuka rangi ya waridi, hakuna mtu anayeunganishwa.

Kwa hiyo yai lilipolia, wodi nzima ililisikia kupitia ukutani. Wagonjwa walishalizoea. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi saa mstaafu, ambaye hakuvua kofia hata akiwa kitandani, wakamwita Mzee Kofia. Yeye kila kengele ilipolia alipaza sauti, "Yai limeiva!" na watu walicheka, ingawa walikuwa wamesikia maneno hayo hayo juzi, na kabla ya juzi.

Mmoja wa waliocheka alikuwa mke wa Fundi.

Wote walimwita Mwalimu, hata mumewe, kwa kuwa alifundisha sayansi shule ya msingi hadi figo zilipomwangusha. Walikutana shuleni huko. Fundi alikwenda kutengeneza tangi, akapita darasani kuomba maji ya kunawa, akamkuta binti mwembamba mbele ya watoto arobaini, ameinamia bakuli, analaza sindano ya kushonea juu ya maji kwa uma. Sindano ikaelea. Watoto kimya, midomo wazi. Akawaeleza kwamba chembe za maji zilizo juu zimeshikana mikono zikafanya kama ngozi, na ngozi hiyo inatosha kubeba sindano. Fundi, mikono imejaa sabuni, alivutiwa hata akajisahau, akanyoosha kidole kuigusa ile ngozi. Sabuni ikaachanisha mikono ya maji na sindano ikazama kama jiwe. Darasa zima likapiga kelele. Binti akamwambia, "Umeniharibia somo, itabidi urudi kesho uombe radhi." Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na mwisho wakaoana.

Ugonjwa ulipokuja ulichukua vitu vingi, lakini kilichomuuma Fundi kuliko vyote kilikuwa kicheko. Mwaka mzima Mwalimu hakucheka. Fundi alijaribu kila alilojua. Aliigiza mkuu wa shule wa zamani, alivaa shati kinyume, akamwita dada yake Mwalimu, yule mcheshi, akae nao wiki mbili. Hakuna. Mwalimu alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea salamu za mgeni asiyemkumbuka. Na sindano za mashine zilimtisha. Nesi aliyekuwapo wakati huo alimchoma mara mbili, mara tatu, mkono ukavimba ukawa wa zambarau, na siku za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zikawa za machozi tangu alfajiri.

Kisha akaja nesi mpya. Kijana mrefu, taratibu, sauti ya chini. Alichoma mara moja tu, na mgonjwa, asisikie kitu, akauliza ataanza lini. Kabla mwezi haujaisha walishampa jina, Mkono Mwepesi. Na wiki ile ile ya kwanza, Fundi akiwa juu ya ndoo yake, alisikia kicheko kupitia ukutani. Hakukitambua mara moja. Alipokitambua alisimama, machozi yakamlenga, akataka kukimbia wodini kumkumbatia. Halafu likamjia swali lililomkalisha tena kwenye ndoo: nani kamchekesha?

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Tuseme ukweli, ulikuwa wivu, tena ule mbaya unaojua kwamba hauna haki. Angekuwa anamwonea wivu nesi kwa sababu mkewe anacheka, angejionea aibu akanyamaza. Alimwonea wivu kwa sababu yeye alishindwa mwaka mzima, na mtu wa kuja amefaulu kwa wiki. Kila asubuhi alitega sikio. Alijifunza kupambanua kicheko cha Mzee Kofia, kicheko cha "yai limeiva", na kicheko kingine, kirefu kidogo, kilichokuja baada ya daftari kupita kwenye kidirisha, pale nesi alipokuwa akijiandaa kumshika mkono. Hicho cha tatu ndicho kilichomchoma.

Na yule kijana, kwa heshima zake, alimzidishia. Alimwita Mwalimu dada. Basi Fundi akawa shemeji.

"Shemeji, umeamkaje?" alimsalimu kidirishani.

"Salama," alijibu Fundi, na moyoni akaongeza, nani kakupa undugu na mke wangu?

Hata barafu iliingiliwa. Mwalimu aliruhusiwa vinywaji kidogo sana kwa siku, kwa kuwa maji ambayo figo hazitoi yanabaki mwilini hadi yapande mapafuni. Fundi mwenyewe ndiye aliyebuni kupima sehemu ya kiasi hicho na kuigandisha vipande vidogo. Barafu inahitaji joto jingi sana ili iyeyuke, kwa hiyo kipande kimoja mdomoni kinakata kiu kwa muda mrefu kuliko funda la maji. Alijivunia jambo hilo kama mtoto. Siku moja alifungua friji akakuta vipande vina rangi ya manjano.

"Hii nini?"

"Ndimu. Tone moja tu. Nesi ameniambia inaamsha mate, kiu inapungua."

Fundi aliweka kipande mdomoni. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililomuudhi.

Alikuwa akimsifu mkewe kwa watu tangu ujana wao, kwamba ni mtu wa watu, hapandi ngazi bila kujua habari za jirani wa kila ghorofa. Tabia ile ile ilipomfikia nesi mmoja iligeuka kasoro. Alijua anavyoonekana. Kujua hakukumsaidia.

Ijumaa moja jioni, mvua ya siku nne ndiyo kwanza imekatika, alimkuta Mwalimu ameketi mezani na kopo la vifaa vya kushonea, anafunga sindano kwenye kipande cha karatasi.

"Sindano ya nini?"

"Ya kesho. Mzee Kofia anabisha eti chuma hakiwezi kuelea."

"Mzee Kofia ndiye anayebisha, au yule nesi wako?"

"Nesi wangu?" Mwalimu alicheka. "Wanabisha wote. Nimewaahidi nitawaonyesha kabla sijaunganishwa."

"Na habari ya sabuni utawasimulia?"

"Si ndiyo utamu wenyewe?"

"Usiwasimulie."

"Kwa nini?"

Fundi alitafuta sababu ya mtu mzima, akaikosa. "Ni yetu," alisema.

Mwalimu aliweka kopo chini. "Mume wangu, mimi nalala pale saa nne, mara tatu kwa wiki. Unataka niongee na nani, na mashine?"

"Ongea. Nani kakukataza? Lakini kucheka kule..."

"Kucheka nako kuna kipimo? Maji napimiwa, chumvi napimiwa, ndizi napimiwa. Na kicheko unataka unipimie wewe?"

Fundi alichukua taulo. Alikwenda kuoga. Maji ya bafuni yalinuka dawa kuliko siku zote, hata macho yakamwasha, na akili yake ya kazi ikamnong'oneza kwamba mvua imechafua mto na watu wa maji wameongeza klorini. Ingekuwa Ijumaa nyingine angelibeba wazo hilo hadi kazini. Ijumaa hiyo kichwa kilikuwa kimejaa sindano.

Jumamosi waliingia hospitali pamoja kama kawaida, yeye akaelekea nyuma na Mwalimu akaelekea wodini. Saa kumi na mbili kamili aliwasha pampu, akazungusha yai hadi kumi na tano, akaketi juu ya ndoo. Upande wa pili mashine zilikuwa zinajiosha. Akatega sikio.

"Dada, kikombe hiki kinatosha?" Sauti ya nesi.

"Kijaze hadi juu kabisa. Unaona maji yamevimba ukingoni na hayamwagiki? Yameshikana."

"Mwalimu, mimi nimetengeneza saa miaka arobaini," alisema Mzee Kofia. "Chuma ni chuma."

Kisha kimya. Kimya hicho Fundi alikifahamu. Alikiona mbele ya macho yake: Mwalimu ameinama, uma mkononi, nywele zimemwangukia, anazuia pumzi. Na mwingine ameinama naye, kichwa karibu na kichwa, anatazama kitu ambacho yeye alikuwa mtu mzima wa kwanza kukitazama.

Zilikuwa zimepita dakika nne.

Alisimama. Alijiambia makaa yalibadilishwa juzijuzi tu, na juzijuzi yenyewe ilikuwa miezi mitano. Alijiambia tangu aanze kazi hajawahi kuona rangi ya waridi. Alichota maji ya tangi la kwanza, akatia kidonge, akakitikisa kikombe huku anatazama mlango. Dakika mbili. Maji meupe, safi kabisa, kama maji yote yaliyolala. Akasaini. Badala ya kulipitisha daftari kidirishani, alizunguka nalo kwa miguu yake hadi wodini, kana kwamba ni barua ya serikali.

Sindano ilikuwa inaelea. Ililala juu ya kikombe, kwenye meza ndogo kando ya kitanda, inazunguka polepole. Mkono Mwepesi alikuwa ameinama hasa kama Fundi alivyomwona kichwani, na Mzee Kofia amekaa kitandani kwake ameshika kofia kichwani kwa mikono miwili.

"Ah, shemeji! Njoo uone maajabu ya dada."

"Nimeyaona zamani," alisema Fundi.

Mwalimu aliinua macho, akamwona, akashangaa. Si saa yake ya kuwa wodini. Lakini alifurahi, na kwa furaha hiyo hakuuliza. "Huyu ndiye mwenye kidole cha sabuni," aliwaambia, na wote wakaangua kicheko. Kumbe alishawasimulia. Fundi naye alicheka, kwa meno tu. Laiti angekuwa na sabuni mfukoni, angeizamisha ile sindano mara ya pili.

Alitoa daftari. Nesi akasoma saini, akatikisa kichwa kukubali, akanawa, akavaa glovu. Mwalimu akafumba macho akanyoosha mkono wa kushoto. Fundi alisimama miguuni mwa kitanda na kutazama vidole vya mwanamume mwingine vikitafuta mshipa kwenye mkono wa mkewe, vikiubonyeza, vikingoja, bila haraka yoyote. Alitamani vikosee. Mungu amsamehe, alitamani vikosee hata mara moja. Havikukosea. Mirija ikageuka myekundu, damu ikapanda, ikazunguka, ikafika mashineni.

Ndipo kengele ikalia nyuma ya ukuta.

"Yai limeiva!" alisema Mzee Kofia.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifumbua macho. Alitazama ukuta, akatazama daftari chini ya kwapa la nesi, kisha akamtazama mumewe. Yeye ndiye aliyeinunua saa ile. Alijua kengele huja kwanza na saini baadaye, alishazisikia kwa mpangilio huo mara mia na zaidi.

"Saa yako ndiyo kwanza inalia?" aliuliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nimeitega mara ya pili, Mwalimu. Nilitaka kupima tena. Maneno machache, na yasingemvunjia heshima mbele ya yule kijana, ambaye kuvuliwa nguo mbele yake kungekuwa nafuu kuliko kukiri. Lakini mrija mwekundu ulikuwa hapo, unatetemeka kidogo kwa mapigo ya pampu, na ndani yake alikuwamo mkewe.

"Zima," alisema. "Sikungoja. Nimepima maji yaliyolala."

Mkono Mwepesi hakuuliza kwa nini. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Maji yakageuzwa yapite pembeni, yaache utando, damu ikabaki inazunguka yenyewe. "Hakuna atakayeunganishwa," alimwambia Sista mkuu wa wodi, aliyekuwa anakuja mbio. Sista akasimama kando ya kitanda kumwangalia mgonjwa, na Mkono Mwepesi akamfuata Fundi hadi chumba cha maji.

Maji ya tangi la kwanza hayakungoja hata dakika mbili. Kidonge kilipoyeyuka tu yalishika rangi ya waridi, nzuri ya kupendeza, rangi ya gauni la mtoto. Lilibaki tangi la pili, lile linalokaa nyuma ya la kwanza kwa ajili ya siku kama hiyo. Kama nalo limepitisha, basi kilichoingia kwa Mwalimu kimeingia. Alichota. Alitia kidonge. Vidonge vingine viwili vikamponyoka vikaanguka sakafuni. Akaweka kikombe juu ya karatasi nyeupe, na wawili hao wakakiinamia, kichwa karibu na kichwa.

"Shemeji," alisema nesi, bila kuondoa macho kwenye kikombe. "Unajua dada huwa ananiuliza nini kabla hajanipa mkono?"

"Sijui."

"Ananiuliza, 'Mume wangu amesaini?' Kila siku. Namwonyesha daftari, hataki kulitazama. Nikisema ndiyo, basi, anafumba macho ananipa mkono. Siku ya kwanza alipofanya hivyo Mzee Kofia akamwambia, 'Mwalimu, wewe huchomwi na huyu kijana, unachomwa na mumeo kupitia ukutani.' Alicheka sana. Hadi leo wakikumbushana anacheka."

Kicheko cha tatu. Miezi yote ile Fundi alikuwa anakionea wivu, na kumbe kilikuwa chake.

"Leo hakuuliza," aliendelea kijana. "Alikuona mwenyewe umesimama pale."

Dakika mbili zilitimia. Maji ya tangi la pili yalikuwa kama yalivyochotwa. Wakangoja ya tatu, na ya nne, kwa woga tu. Yalibaki meupe. Fundi aliketi sakafuni kati ya vidonge vilivyomwagika akalia, na Mkono Mwepesi, kwa adabu, akajifanya anasoma daftari.

Sista alichukua damu ya Mwalimu kuipima, ikarudi salama. Kisha akamwita Fundi, akampa kalamu, akamwambia aandike saa ya kweli pembeni ya saini ile, na aliyoyafanya katika saa hiyo, kwa maneno yake. Aliandika: saa kumi na mbili na dakika nne, sikungoja. Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata na aliiona ni fupi kuliko alivyostahili. Makaa ya tangi la kwanza yalibadilishwa siku hiyo hiyo.

Nyumbani Mwalimu hakumgombeza. Alikaa na kipande chake cha barafu mdomoni hadi kikaisha.

"Ulikuja kutazama nini?" alimuuliza mwisho.

"Nilikuwa na wivu."

"Na nani?"

"Na kila mtu aliyekuchekesha nisipokuwa mimi."

"Ningejua, ningekuambia," alisema Mwalimu. "Hukuniuliza." Akanyanyuka kwenda kulala, na mlangoni akasimama akamgusa bega. Lilikuwa bega tu. Fundi alishukuru kwa hilo.

Jumanne, saa kumi na mbili kamili, Fundi aliwasha pampu, akazungusha yai, akaketi juu ya ndoo. Upande wa pili Mzee Kofia alikuwa anaeleza kwamba usiku amejaribu kulaza sindano juu ya maji pale nyumbani kwake na mkewe amemwambia anazeeka vibaya. Watu walicheka. Mwalimu alicheka. Mkono Mwepesi alisema kitu kwa sauti ya chini, na Mwalimu akacheka tena, kile kirefu. Wivu ulikuwa palepale ulipokuwa Jumamosi, haukupungua hata tone. Fundi alikamata ukingo wa ndoo kwa mikono miwili. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Alikaa zote.

Yai likalia. Safari hii Mzee Kofia alinyamaza. Fundi alichota, akapima tangi la kwanza na la pili, akangoja, akaandika saa, akasaini, akapitisha daftari kidirishani. Nesi alilipokea. Fundi akabaki pale, sikio ubaoni, kusubiri lile swali ambalo sasa alijua ni lake.

Alisikia glovu zikivutwa. Alisikia kitanda kikilia Mwalimu alipojiweka sawa.

"Kengele imelia?" aliuliza mkewe.

"Imelia, dada. Na Fundi amesaini."

"Nimeuliza kengele tu," alisema Mwalimu, akampa mkono.

Fundi alirudi mezani. Alilishika lile yai jekundu, akalitazama kwa muda mrefu, na roho ikamuuma kwa kulionea wivu.